Muhuri unapigwa Nairobi, maji yanachotwa Sabaki

Kwa Waziri wa Mazingira. Kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi na maafisa wake wa mipango ya miji. Kwa Magavana wa Kiambu na Machakos. Kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA). Na kwa wajumbe wa Tume ya Mito ya Nairobi.

MINTARAFU: VIBALI VYA UJENZI NA MAJI YA MTO ATHI HADI SABAKI

Waheshimiwa,

Jikoni kwetu pana ndoo tatu zilizopangwa ukutani. Ya kwanza ina maji yaliyotoka mtoni alasiri, mekundu mithili ya chai iliyozidi maziwa. Ya pili ina maji yaliyolala usiku mmoja na tope lake likashuka. Ya tatu ina maji yaliyokorogwa kwa kipande cha shabu mpaka kitako cha ndoo kikaonekana. Mke wangu alifundishwa na mama yake kuizungusha shabu kwa kuhesabu, kwa kuwa ikizidi maji huwa makali ulimini na watoto huyakataa. Nimeyanywa maji hayo tangu utotoni, nikafundisha shule ya msingi miaka 33 nikiyanywa, na sasa nimestaafu ningali nayanywa siku ambazo bomba halitoi. Ninawaandikia kwa sababu shabu ina mpaka wake. Hulituliza tope likashuka, lakini haiondoi naitreti wala chumvi za kemikali zilizokwisha kuyeyuka, na wala si dawa ya kutegemewa dhidi ya vijidudu vya majitaka. Yale ambayo shabu haiwezi kuyatoa, wenye uwezo wa kuyazuia ni nyinyi, na mnaweza kuyazuia kabla hayajaingia mtoni.

Mto wetu una majina matatu. Kule juu huitwa Athi. Ukishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana. Ukifika kwetu, kaskazini ya Malindi, ni Sabaki. Ni mto mmoja wa takriban kilomita 390, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Mto Nairobi, unaochipuka katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hupita katikati ya jiji, hupokea Mto Mathare na Mto Ngong upande wa mashariki, kisha huingia Athi kabla maji hayajaporomoka pale Fourteen Falls. Kutoka hapo maji ya jiji huteremka Ukambani, hupita mbuga ya Tsavo, hunyweshwa ng'ombe na ndovu, humwagiliwa mashamba, na mwishowe huja kwetu. Pale Baricho, visima vilivyochimbwa katika mchanga wa kando ya mto huu ndivyo vinavyosukuma maji kwenda Malindi, Kilifi na Mombasa. Mchanga ule huchuja tope vizuri kuliko shabu yetu, lakini maji yake yanatoka mtoni, nacho kilichoyeyuka ndani ya mto kina njia ya kufika kisimani.

Kila mto huu unapozungumzwa katika redio au barazani, lawama huwaangukia watu wawili: anayetupa taka na mwenye kiwanda anayefungulia bomba usiku. Siwatetei. Lakini mwenye kiwanda akikamatwa, bomba lake hufungwa na mambo huweza kubadilika katika wiki moja. Jengo la ghorofa kumi lililojengwa mahali pasipo na bomba la majitaka la kutosha litaendelea kuuathiri mto kwa miaka 50, hata kama kila mpangaji wake ni mtu safi asiyetupa karatasi njiani. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya ubora wa maji ya mto huamuliwa siku ile ramani ya jengo inapowekwa mezani kwa afisa wa mipango na kupigwa muhuri. Ndiyo maana barua hii nimeielekeza kwenu.

Tafadhalini mniruhusu nieleze jinsi ninavyolielewa jambo hili, kwani nimekuwa nikilifundisha darasani kwa ubao na chaki, na nadhani linaeleweka vyema likianzia kwenye ardhi yenyewe. Ekari moja ya mkahawa kule Ruiru au Kiambu, yenye majani makavu chini na udongo mwekundu uliolainika, hunywa mvua. Maji huingia ardhini taratibu, hukaa chini, kisha hutoka kwenye chemchemi wiki au miezi baadaye yakiwa baridi na safi. Na jina lenyewe la Nairobi, kama tujuavyo, lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Ekari hiyo hiyo ikikatwa ploti, ikaezekwa mabati, ikatandazwa lami na kabro hadi kwenye ukuta wa jirani, mvua haina pa kuingia. Yote hukimbilia mtaroni kwa dakika chache. Njiani huzoa mafuta yaliyodondoka kwenye maegesho, vumbi la matairi na breki, mavi ya mbwa, mabaki ya rangi na saruji, na uchafu wote uliokaa barabarani tangu mvua ya mwisho. Wakaao jijini huifurahia mvua ya kwanza baada ya kiangazi kwa kuwa hupoza vumbi, na kwa mto hiyo ndiyo mvua mbaya kuliko zote, kwa sababu hubeba uchafu wa miezi mitatu kwa saa moja.

Kuna na upande wa pili ambao huzungumzwa kwa nadra. Kwa kuwa mvua haikuingia ardhini, kiangazi kikifika chemchemi hazina cha kutoa, na mto wa jijini hubaki na maji machache yake mwenyewe. Wakati huohuo jiji, kwa sehemu kubwa, halinywi maji ya Athi. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi hutoka Ndakaini na Sasumua, mabwawa yaliyo kwenye mito inayomwagika Tana. Jiji huyachota maji ya bonde la Tana, huyatumia kuogea, kufulia na kusukumia choo, kisha huyatolea bonde la Athi. Kwa hiyo katika miezi ya ukavu, sehemu kubwa ya kile kinachoonekana kikitiririka chini ya madaraja ya mashariki mwa Nairobi ni maji ya Tana yaliyokwisha kutumika, mengine yakiwa yamepita kwenye mabwawa ya kusafishia kule Ruai na mengine hayakupita popote. Mtu akiwa na maji safi mengi mtoni, uchafu kidogo huzimuka. Mto usio na maji yake huwa hauna cha kuuzimulia uchafu.

Mwaka fulani wakati wa masika nilikwenda kumtazama binti yangu aliyepanga Kileleshwa. Mtaa ule niliujua tangu ujana wangu, nilipokwenda Nairobi kwa kozi ya ualimu: nyumba moja ya chini katika bustani kubwa, ua wa michongoma, miti mirefu, kimya. Sasa kila ua ulikuwa umegeuka shimo au ghorofa. Jirani na jengo alilokaa binti yangu palichimbwa shimo la maegesho ya chini, refu kiasi kwamba lori lililokuwa ndani lilionekana kama la kuchezea watoto. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi mpira wa pampu mnene kama paja la mtu ulikuwa umelazwa juu ya ukingo wa shimo, ukitapika maji mekundu moja kwa moja kwenye mtaro wa barabara. Nikaufuata mtaro kwa miguu. Haukuchukua hata hatua mia tatu kabla haujaingia katika kijito cha Kirichwa, na pale ulipoingia ungeweza kuuona mpaka wenyewe: upande mmoja maji ya kijivu, upande wa pili maji mekundu, kisha mbele kidogo yote ni mekundu. Nilirudi nikamuuliza mlinzi kwa upole kama maji yale hayawezi kuachwa yakatulia kwanza. Akanijibu kwa heshima, "Mzee, maji yasipotoka leo, zege haliwezi kumwagwa kesho, na mkandarasi atatufuta sote." Sikuwa na la kumjibu. Yule kijana hakuwa na kosa, na bango lililokuwa langoni lilionyesha kwamba vibali vyote vimetolewa.

Kinachonisumbua zaidi ya tope lile ni chemba ya majitaka iliyokuwa mbele ya lango. Kifuniko chake kilikuwa kimeinuliwa na maji kwa upana wa kidole, na kuzunguka kifuniko palikuwa na povu la kijivu na vipande vya karatasi, yakitiririka kuelekea mtaro uleule. Binti yangu aliniambia kwamba hali hiyo hutokea kila mvua ikinyesha kwa nguvu, na kwamba wapangaji wameizoea, hupitia upande wa pili wa barabara. Sababu yake si fumbo. Bomba lililolazwa chini ya barabara ile lilikusudiwa nyumba chache zenye familia moja kila moja. Leo kila ploti ina familia 40, 60 au zaidi, na bomba ni lilelile. Tena mvua inayokosa pa kwenda hujipenyeza ndani ya bomba la majitaka kupitia chemba zilizovunjika, na mabomba ya paa ambayo mafundi wameyaunganisha humo kwa urahisi wao. Bomba likijaa, hutapikia barabarani, na barabara huteremkia mtoni. Nimetaja Kileleshwa kwa kuwa ndiko nilikoona kwa macho yangu, tena ni mtaa wa watu wenye uwezo. Kule Pipeline, Githurai, Mukuru au Syokimau, ambako mabomba ni machache au hayapo, ambako choo cha shimo hujaa na lori la kunyonya halina pa kupita, mwaweza kukadiria wenyewe.

Bwawa la Nairobi linapaswa kututosha kuwa somo. Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na walikuwapo watu waliotembeza mashua za matanga juu yake. Ardhi ya juu yake na ya kandokando yake ikajengwa, upande mmoja kwa idhini na upande wa pili kwa shida ya makazi, bila bomba la majitaka kutangulia. Maji yakajaa mbolea ya vyoo, gugu maji likapata chakula chake, na leo anayepita barabara ya Lang'ata huona uwanja wa kijani ambao mgeni anaweza kudhani ni shamba. Hapakutokea ajali yoyote ya kuliua bwawa lile. Liliuawa na maamuzi madogomadogo ya matumizi ya ardhi, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na sahihi yake au likiwa limefumbiwa macho.

Sasa nije kwenye kingo. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999, zinakataza kulima na kujenga ndani ya upana wa mto pamoja na kando yake, isipungue mita 6 wala isizidi mita 30 kila upande, kwa kupima kutoka pale mafuriko ya juu kabisa yalipowahi kufika. Ukanda huo haukuwekwa kwa ajili ya mandhari. Matete, mafunjo na nyasi za ukingoni hupunguza kasi ya maji yanayotoka barabarani, hulikamata tope, na mizizi yake pamoja na vijidudu vilivyomo udongoni hula sehemu ya naitrojeni kabla haijaingia mtoni. Kivuli cha miti huyafanya maji yasipate joto, na maji ya baridi huhifadhi hewa ambayo samaki huipumua. Ukiuondoa ukanda huo ukamwaga ukuta wa zege, umeondoa kichujio cha bure ambacho serikali yoyote ingelazimika kukinunua kwa mabilioni.

Lakini kati ya 6 na 30 kuna nafasi kubwa ya mazungumzo, na mazungumzo hayo, nasikitika kusema, hayajawahi kuwa sawa kwa watu wote. Ni kweli kwamba Agosti 2018 bulldoza ziliangusha majengo makubwa ya biashara yaliyokuwa juu ya ukanda wa mto, Ukay kule Westlands na South End kule Lang'ata, na nchi nzima ilishangaa kwamba kumbe inawezekana. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 amri ya kuhama kandokando ya mito ilitolewa tena, na safari hii tulichokiona kwenye runinga ni mabati ya Mathare na Mukuru, akina mama wakiokota sufuria matopeni. Ninaelewa kwamba kukaa pale kulikuwa hatari kwa maisha yao. Ninachouliza ni hiki: nani alipima, na kwa kigingi gani, mahali ambapo mita 30 huanzia? Mpaka usiowekwa alama ardhini hujulikana siku ya kubomoa tu, na siku hiyo mnyonge ndiye wa kwanza kuambiwa amevuka.

Ni haki niseme pia yale yasiyotoka jijini, maana sitaki kuwatwika mzigo usio wenu. Tope jingi tunalolipata Sabaki linatokana na mashamba na malisho ya Ukambani na nyanda za juu, na mmomonyoko huo ulianza kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Ndilo limeisogeza pwani ya Malindi mbele kiasi cha hoteli zilizojengwa ufukweni kujikuta mbali na maji, na ndilo huyatia wasiwasi matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Vilevile mto mrefu hujisafisha. Katika kiangazi, maji yakiteremka polepole katika mchanga wa Tsavo kwa siku nyingi, sehemu kubwa ya naitrojeni ya majitaka huliwa na vijidudu kabla haijafika pwani. Watafiti waliopima mto huu kutoka chanzo hadi mlango wake wameyaona hayo, na vilevile wameona kwamba chini kidogo ya Nairobi kuna sehemu ambazo maji karibu hayana hewa kabisa.

Lakini kujisafisha kunataka muda, na mafuriko hayatoi muda. Masika ikishika, kile kilichokuwa kikikaa wiki kadhaa njiani hutufikia kwa siku chache, na huja pamoja na kila kilichokuwa kimetuama kwenye matope ya mtoni. Metali kama risasi na kromiamu haziliwi na kijidudu chochote. Huhamishwa tu, kutoka tope la Dandora hadi tope la Sabaki. Plastiki nazo ni vivyo hivyo. Kabla ya marufuku ya mifuko ya Agosti 2017, wavuvi wetu walikuwa wakitoa mifuko mingi kwenye nyavu kuliko kamba wa baharini. Mifuko imepungua, na hilo linanionyesha kwamba uamuzi uliofanywa Nairobi kwa karatasi moja unaweza kuonekana katika wavu wa mvuvi wa Malindi. Siku hizi wanatoa chupa na nepi. Nyingine ni za Malindi kwenyewe, nami nimeyasema hayo kwa baraza la kaunti yetu kwa ukali uleule ninaowaandikia nyinyi.

Na wako wa karibu zaidi kuliko sisi. Kule Makueni linajengwa bwawa la Thwake, ukuta wenye kimo cha takriban mita 80, pale Mto Thwake unapokutana na Athi, ili watu wa Makueni, Kitui na Machakos pamoja na mji mpya wa Konza wapate maji. Mto unaokwenda huweza kujisafisha, bwawa hukusanya. Mbolea ya majitaka iliyokuwa ikipita itapata mahali pa kutulia, na yaliyolipata bwawa la Nairobi mnayajua. Itakuwa uchungu mkubwa kwa mama wa Makueni, aliyekuwa akichimba mchanga wa mto mkavu kwa miaka yote hii apate dumu moja, kuletewa hatimaye bomba linalotoka katika bwawa lililokwisha geuka kijani.

Machi 2025 ulizinduliwa mradi wa kuifufua mito ya Nairobi, uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 50, na ndani yake mmo bomba kuu la majitaka, njia za miguu na nyumba za gharama nafuu. Bomba hilo naliunga mkono kwa moyo wote, na kwa hakika laiti lingetangulia kwa miaka 30. Vijana waliolipwa kuondoa taka mtoni wamefanya kazi ya sifa. Wasiwasi wangu uko kwenye nyumba. Ikiwa mradi wa kuusafisha mto nao utaongeza ghorofa na kabro ndani ya bonde la mto uleule, basi nataka kusikia mapema, kwa hesabu, majitaka ya nyumba hizo yatakwenda wapi na mvua itakayoanguka juu ya paa zake itapitia wapi. Sijaiona hesabu hiyo ikielezwa wananchi, na nimeitafuta.

Katiba yetu ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42 na haki ya maji safi katika kifungu cha 43. Haikusema kwamba haki hiyo ni ya mkazi wa kaunti ambayo uchafu umeanzia. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua kwamba taasisi zenye wajibu zilikiuka haki hiyo kwa kuacha Mto Nairobi na Mto Athi uchafuliwe. Kwa hiyo ninayoyaomba hapa hayahitaji sheria mpya. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilipotaka kuwahamisha Wagiriama kutoka ukingo wa kaskazini wa mto huu, wazee wetu walikataa, na baadhi yao walikufa kwa kukataa. Hatutauhama leo kwa sababu ya majitaka.

Ninaomba, kwanza, kwamba pasiwe na jengo lolote jipya la fleti katika Nairobi, Kiambu na Machakos litakalopewa cheti cha kukaliwa na watu kabla kampuni ya maji haijathibitisha kwa maandishi kwamba bomba linalopita pale lina nafasi ya kupokea majitaka yake, kwa lita na si kwa maneno ya jumla. Na pasipo na bomba, mwenye jengo aonyeshe mtambo wake wa kusafishia ukifanya kazi, nao ukaguliwe kila mwaka bila kumwarifu. Hili ndilo kubwa kuliko mengine yote. Likitendeka hili peke yake, ningeridhika kusubiri yaliyobaki.

Maji ya mashimo ya misingi yatulizwe kwanza katika tangi au kidimbwi ndani ya ploti kabla hayajaachiwa mtaroni, na wakaguzi watoke ofisini katika wiki za mvua, maana ndizo wiki ambazo pampu hufanya kazi. Kila ploti mpya iachiwe sehemu ya ardhi isiyofunikwa, na mvua ya paa iingizwe katika tangi au ardhini. Mita za kingo zipimwe mara moja kwa mito yote, vigingi viwekwe, na ramani ibandikwe katika ofisi ya kila chifu, ili mwenye mabanda na mwenye ghorofa wausome mpaka mmoja.

Tena ninaomba mto upimwe pale unapotoka Nairobi, pale juu ya Thwake, na pale Baricho, kila mwezi, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: hewa iliyomo majini, amonia, naitreti, vijidudu vya kinyesi, risasi na kromiamu. Mkulima hutangaziwa mvua kila asubuhi redioni. Hakuna sababu ya anayechota maji kutotangaziwa maji yake. Na Tume ya Mito ya Nairobi iwape nafasi wawakilishi wa Makueni, Taita Taveta, Tana River na Kilifi, wenye haki ya kuona ramani za miradi mikubwa iliyo kandokando ya mto na kuipinga kabla haijapigwa muhuri.

Baraza la kijiji chetu hukutana Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi, baada ya swala, chini ya mkwaju ulio karibu na daraja la Sabaki. Jibu lenu, kutoka ofisi yoyote kati ya hizi, nitalisoma pale kwa sauti kama lilivyo, na majibu ya wanakijiji nitawaandikia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Sabaki, Kaunti ya Kilifi